Kilomita Tisini na Nne

Jumamosi, 1 Julai 2017

Mazoezi ya kwanza ya msimu mpya. Nyasi za uwanja wetu hapa Bertrams, huku kusini mwa Afrika, zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na wanaume walisimama wamefumbata mikono kwapani kama watu wanaongoja basi. Ligi inaanza tarehe kumi na sita Septemba. Tuna wiki kumi na moja na hatuna warushaji.

Nasema hivyo kwa sababu najua. Miaka miwili sasa mimi ndiye mwandishi wa alama wa timu ya Nyigu. Nakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya wavu, naandika kila mpira uliorushwa, nani kaupiga na nani kaukosa. Ameir, Mzanzibari wetu aliyeturushia tangu timu ianzishwe, ametimiza miaka arobaini na mbili na goti lake limegoma. Amebaki Chris peke yake. Na katika besiboli anayesimama pale kwenye kilima cha kurushia ndiye nusu ya timu. Wale wanane wengine wanaweza kuwa malaika, lakini kama yeye hajui mpira wake unakwenda wapi, mtafungwa tu.

Leo kocha wetu Cyrus alikuja na kifaa alichoazima cha kupima kasi. Cyrus ni Mkenya kama mimi na mume wangu Eugene, anafanya kazi benki, na hupenda chochote chenye tarakimu. Chris akapanda kilimani. Ana miaka ishirini na nne, kazaliwa Lubumbashi, kakulia hapa. Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza. Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha mdakaji wetu Lambert ukagonga wavu mbele ya pua yangu. Wa pili vilevile.

"Mia moja thelathini na nane!" Cyrus akapiga kelele, na timu nzima ikashangilia. Kana kwamba tunacheza dhidi ya wavu.

Walipomaliza nikamwambia Cyrus anipime na mimi. Akacheka, lakini akanipima. Kilomita tisini na nne kwa saa.

"Madam, hiyo ni kasi ya basi la Durban," akasema, na wote wakacheka. Eugene pia alicheka. Hakuna aliyeuliza kwa nini Lambert, baada ya ule mpira wa basi la Durban, alikuwa akiutafuta nyuma ya miguu yake.

Jumanne, 4 Julai

Baridi. Maji ya ndoo iliyokuwa nje yameganda juu.

Jumamosi, 8 Julai

Leo nimeomba rasmi. Nilimwambia Cyrus: niandikishe kama mrushaji wa tatu, tutafute wa pili baadaye. Akaniweka mkono begani kama anayenipa pole ya msiba.

"Dada Mwende, mimi binafsi sina shida. Ligi hairuhusu wanawake. Nilishauliza."

Nilipokuwa Machakos nilirusha mkuki tangu kidato cha kwanza. Chuoni niliendelea mpaka bega likaharibika, na daktari akaniambia nisahau. Bega liliponinyima nguvu, nikajifunza kurusha bila nguvu. Nimeugonga ukuta wa nyuma ya nyumba yetu kwa mpira miaka mitatu, kila jioni nikitoka maabara ya chuo kule Braamfontein ninakofanya kazi. Naushika mpira kwa ncha za kucha, nausukuma badala ya kuutupa, nao unakwenda bila kuzunguka hata kidogo. Mpira usiozunguka hauna njia. Unayumba, unasitasita, halafu mbele ya mpigaji unaanguka. Hata mimi sijui utaangukia upande gani. Sembuse yeye.

Jumatatu, 10 Julai

Nimeiandikia ofisi ya ligi barua pepe wakati wa chakula cha mchana. Mistari minne, kwa adabu zote.

Jumamosi, 15 Julai

Nina hasira hata kalamu inachimba karatasi.

Gaël, yule mwepesi anayeanza kupiga, aliniambia pembeni kwamba Lambert alikwenda kwa Cyrus tangu mwezi wa tatu akamwambia: "Huyu mama hapana. Mpira wake si wa kudaka." Mwezi wa tatu! Na tangu wakati huo ananisalimia kila wiki, "Maman Mwende, habari ya nyumbani," kwa ile sauti yake ya kanisani.

Lambert ni pande la mtu, mlinzi wa jengo moja kule mjini, Mkongomani wa Uvira, hasemi maneno kumi kwa mazoezi mazima. Sasa najua lile neno la kumi na moja analiweka wapi. Nilimweleza Eugene tukiwa njiani kurudi. Akasema, "Achana naye. Wanaume wengine ndivyo walivyo." Nikamshukuru Mungu kwa mume wangu. Nimeyaandika haya ili yabaki.

Alhamisi, 20 Julai

Ligi wamejibu. Mistari mitatu. Katika daraja la pili hakuna kanuni yoyote kuhusu jinsia ya mchezaji, na kwa kumbukumbu zao hakuna mtu wa timu yetu aliyewahi kuwauliza jambo hilo.

Nimechapisha nakala mbili.

Jumamosi, 22 Julai

Nilimpa Cyrus karatasi mbele ya wote. Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Ulisema uliuliza," nikamwambia.

"Niliuliza watu wanaojua."

"Watu gani?"

"Mwende, usinifanye nionekane mwongo mbele ya vijana."

Mimi ndiye ninayemfanya aonekane mwongo! Halafu akaja na jipya: kwa kuwa jambo ni kubwa, timu itapiga kura. Tarehe tisa Agosti, siku ya mapumziko, wote watakuwepo. Nikauliza ni lini mchezaji yeyote wa Nyigu aliwahi kupigiwa kura. Gaël alipigiwa? Chris? Eugene? Eugene alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu sana.

Jumapili, 23 Julai

Lambert amekuja nyumbani. Alitoka kanisani moja kwa moja, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, Biblia mkononi. Eugene alikuwa ametoka. Nilimkaribisha kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu nilitaka.

Hakunywa chai. Alikaa ukingoni mwa kiti akasema, "Maman Mwende, nimekuja kukuomba msamaha. Gaël ameniambia kwamba umejua."

"Nimejua."

"Nilisema mpira wako si wa kudaka. Ni kweli. Miye unanishinda." Akaitazama mikono yake. "Nadaka tangu miaka sita sasa. Mpira wa Chris unaniumiza, lakini naudaka. Wako unapita kama samaki. Mara mbili umenipiga hapa," akagusa kifua, "na watu wakacheka, wakisema Lambert anashindwa mpira wa mwanamke. Niliona haya. Badala ya kusema siwezi, nikasema wewe hapana. Nilikosa."

Nilikuwa nimemwandalia maneno mengi tangu Jumamosi ile aliyoniambia Gaël, yote makali, na hakuna hata moja lililofaa.

"Sasa unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka unifundishe kuudaka."

Jumatano, 26 Julai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanjani, mimi na Lambert. Yeye anatoka zamu, mimi naenda kazini. Mipira hamsini. Alidaka kumi na saba.

Ijumaa, 28 Julai

Ishirini na sita.

Jumatano, 2 Agosti

Upepo wa Agosti umeanza, vumbi la machimbo ya dhahabu machoni. Jeanne, mke wa Lambert, ni fundi cherehani. Amepasua glavu ya zamani na kuongeza ngozi pembeni ikawa pana kama sinia. Thelathini na nane. Lambert alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Anasema siri ni kutoukimbilia: unaungoja mpaka uamue mwenyewe kuanguka.

Namwomba radhi hapa kwa niliyoyaandika tarehe kumi na tano. Uso kwa uso nimeshamwomba.

Jumanne, 8 Agosti

Uchaguzi wa nyumbani. Eugene na Cyrus walikwenda Pretoria alfajiri kupigia kura ubalozini. Mimi sikupata ruhusa kazini. Eugene amerudi na wino kidoleni, anaonyesha kila mtu. "Kura moja inabadilisha mambo," anasema. Nimempikia chapati.

Jumatano, 9 Agosti

Leo ni Siku ya Wanawake. Nchi nzima imepumzika kwa heshima ya wanawake walioandamana mpaka ikulu ya Pretoria wakakataa pasi, vile vitambulisho vya ubaguzi wa rangi. Redio imewaimbia tangu asubuhi. Na timu ya Nyigu ya Bertrams ikaichagua siku hiyohiyo kukaa chini na kuamua kama mwanamke anaweza kurusha mpira.

Wachezaji kumi na watatu walikuwepo. Mimi sikuruhusiwa kupiga kura kwa kuwa ni mwandishi wa alama, si mchezaji. Nikasema ndiyo maana tuko hapa, kwa sababu mnakataa niwe mchezaji. Cyrus akasema utaratibu ni utaratibu. Utaratibu ambao aliutunga yeye akiwa anakula karanga.

Walitakiwa saba. Aliuliza, "Wanaotaka Mwende aandikishwe kama mrushaji, wanyooshe mikono."

Lambert alinyoosha wa kwanza, mkono wote, kama mwanafunzi anayejua jibu. Cyrus akashangaa: "Lambert? Si wewe uliyesema..." Lambert akamkatiza: "Nilisema uongo, Kocha. Namdaka kila juma." Gaël akanyoosha. Ameir, na goti lake, akanyoosha. Chris akasema, "Eish, mimi sina noma na Auntie," akanyoosha. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi ya Kiswahili niliyowahi kumsikia akisema. Wengine wawili wakafuata.

Sita.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono yote miwili katikati ya magoti, na wino bado uko kidoleni. Alikuwa anatazama nyasi. Nilingoja. Kila mtu alingoja. Lambert, ambaye mkono wake bado ulikuwa juu, aligeuka akamtazama pia. Gari lilipita barabarani, mbwa akabweka, na Eugene hakuinua mkono.

"Sita," akasema Cyrus. "Samahani, Madam. Watu wameamua."

Nilirudi kwa miguu. Ni dakika arobaini. Eugene alinifuata na gari polepole, kioo kimeshushwa, akiniita jina langu, nami sikugeuka mpaka mlangoni.

"Kwa nini?"

"Mwende, kilima kiko mita kumi na nane tu kutoka kwa mpigaji. Mpira ukirudi usoni? Ulimwona Ameir na lile taya lake lililovunjwa na mpira mwaka juzi. Ninakupenda. Sitaki nikuokote pale chini."

Nilimwamini nusu. Nusu nyingine nilikwenda nayo chumba cha pili nikalala.

Alhamisi, 10 Agosti

Sijaongea naye. Maharage yaliungua.

Jumamosi, 12 Agosti

Sikwenda uwanjani. Saa saba simu ikalia, kundi la WhatsApp la timu. Cyrus ametangaza kikosi cha kuanzia msimu. Nakinakili kama kilivyo, kwa kuwa bado mimi ndiye mwandishi:

Gaël aanze kupiga, acheze katikati ya nyuma. Eugene apige wa tatu, kituo cha kwanza. Lambert apige wa nne, mdakaji. Na kadhalika mpaka tisa. Halafu chini: "Warushaji: Chris. Wa pili, Eugene."

Wa pili, Eugene! Mtu ambaye katika miaka miwili ya karatasi zangu hajarusha hata mpira mmoja katika mechi. Mtu ambaye kwenye kulenga chupa za pikiniki hushindwa na dada yake.

Alipoingia nikamwekea simu juu ya sahani yake.

"Alikuambia lini?"

"Mwende..."

"Kabla ya kura au baada?"

Alivua kofia. Akaivaa tena. "Kabla. Tukiwa njiani kwenda Pretoria."

"Kwa hiyo mita kumi na nane ni hatari kwa uso wangu tu. Uso wako ni wa chuma."

"Si hivyo. Alisema nijaribu tu. Nilitaka kujaribu, Mwende, ni kosa? Miaka yote nimesimama kituo cha kwanza..."

"Na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki."

Nilidhani nikimwuliza swali sahihi nitampata mume wangu yule wa Julai, aliyesema wanaume wengine ndivyo walivyo. Kumbe alikuwa anajieleza.

Jumamosi, 19 Agosti

Mechi ya kirafiki huko Alexandra. Lambert aliniomba niende niandike alama, "na ulete glavu, Maman, tupashe mwili kabla." Nikaenda kwa ajili yake.

Uwanja wao uko karibu na mto, udongo mtupu, nyumba za mabati zimeusogelea mpaka mstari wa kushoto, na upande wa pili unaona maghorofa ya Sandton yanavyometameta. Kabla ya mechi nilimrushia Lambert kando ya benchi. Mipira ishirini, aliikosa miwili tu. Mtu mmoja wa makamo mwenye kofia ya sufu alisimama akatazama yote ishirini. Baadaye nikajua ni kocha wao, Bra Kagiso, yaani Kaka Kagiso.

"Huyu anarusha zamu ya ngapi?" akamuuliza Lambert.

"Harushi. Anaandika alama."

Bra Kagiso alinitazama, akaangalia kilima ambako Chris alikuwa anajiandaa, akanitazama tena. "Sawa," akasema. "Sisi tunafurahi."

Na walifurahi. Chris aliwapa watu saba kituo cha kwanza cha bure kwa mipira ya nje, akampiga mmoja ubavuni. Kosa si lake, hakuna anayemfundisha; wanamshangilia tu. Zamu ya tatu Cyrus akamwita Eugene. Mpigaji wa kwanza aliupeleka mpira wake mtoni. Wa pili pia aliupeleka mtoni. Watoto wa huko waliacha mpira wao wa miguu wakaja kupanga mstari kando ya maji.

Kumi na nne kwa tatu. Niliandika kila alama kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Jumanne, 22 Agosti

Bra Kagiso amepiga simu. Namba alipewa na Lambert. Anazungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, taratibu ili nielewe. Mrushaji wake mmoja amehamia Polokwane. Nije Jumamosi.

"Unajua mimi ni mgeni," nikamwambia. "Mkenya. Na ni mwanamke."

"Nina macho," akasema. "Hilo la kucha ulijifunza wapi?"

Alhamisi, 24 Agosti

Eugene ameropoka usiku kucha, au niseme jioni yote. "Alex? Alex, Mwende? Umesahau mwaka 2008 yale mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia wapi? Mwezi wa pili mwaka huu tu watu walikuwa wanawafungia wageni maduka." Sijasahau. Naogopa, na hapa kwenye daftari naweza kuliandika. Lakini waliosema sifai hawakuwa watu wa Alex. Walikuwa wanaongea Kiswahili, na mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba yangu.

Jumamosi, 26 Agosti

Niliegesha gari kando ya spaza, duka dogo la mtaani, nikakaa ndani dakika kumi na milango imefungwa. Halafu mama mmoja muuza maandazi ya huku, magwinya, akagonga kioo akaniuliza kama mimi ndiye "yule wa mpira". Akanisindikiza.

Hakuna aliyenipigia makofi. Mmoja aliuliza kwa sauti kama timu imekosa wanaume. Bra Kagiso akamwambia ashike gongo akasimame mbele yangu. Alipunga hewa mara nne. Ya tano akaanza kujicheka mwenyewe. Ya sita akaniuliza jina. Tangu hapo naitwa "Kenya". Si jina langu, na nimewaambia, lakini wananiita nikiwa kilimani.

Ijumaa, 1 Septemba

Mahakama imefuta uchaguzi wa nyumbani. Eugene hajaondoka mbele ya televisheni. "Utarudiwa!" ananiambia. "Kumbe ukionewa, unaweza kusikilizwa!"

Nikamwambia kuna kura nyingine pia ingefaa kufutwa. Akazima televisheni.

Jumatano, 6 Septemba

Fomu yangu ya kuichezea Alex imepitishwa na ratiba imetoka. Wiki ya kwanza, tarehe kumi na sita, uwanja wa Bertrams: Nyigu dhidi ya Alex.

Lambert amenitumia ujumbe: "Maman, Mungu ana vichekesho." Hatufanyi mazoezi pamoja tena. Tumekubaliana kwamba si haki, wala kwa timu yangu wala kwa yake.

Jumatano, 13 Septemba

Joto la ghafla. Mipichi ya jirani imechanua.

Jumamosi, 16 Septemba

Nitaandika yote.

Mimi na Eugene tuna gari moja. Kwa hiyo tulikwenda pamoja, yeye na jezi ya njano, mimi na ya bluu, redio imezimwa. Tulipofika alizima injini akasema, "Kila la heri." Nikasema, "Na wewe." Tukaenda kila mtu benchi lake.

Cyrus alikuwa wa kwanza kuniona. Alimwendea mwamuzi, wakazungumza, mwamuzi akafungua faili lake, akamwonyesha karatasi. Cyrus akarudi kwenye benchi lake hatua fupifupi. Kiti changu cha plastiki kilikuwa kitupu. Hawakuwa wamepata mtu wa kuandika alama.

Chris alianza vibaya lakini akatulia. Alirusha taratibu kuliko nilivyowahi kumwona, na mipira ikawa inaingia. Baada ya zamu nne sisi Alex tulikuwa mbele nne kwa sifuri, lakini kwa jasho. Yeye akiwa anashuka na mimi napanda, alinong'ona, "Sharp, Auntie. Nimepunguza kasi." Nani alimfundisha? Nilimtazama Lambert. Lambert akatazama mawingu.

Katika zamu yangu ya kwanza, Gaël alikuwa wa kwanza kusimama mbele yangu. Alipunga mara tatu. Wa pili alipiga mpira mdogo ukabingirika mpaka miguuni kwangu. Wa tatu, mume wangu.

Alishika gongo kwa nguvu mno. Vifundo vya vidole vyake niliviona hata nikiwa kilimani. Mpira wa kwanza ulielea, akakata hewa. Wa pili akauacha, mwamuzi akasema straiki, kwa kuwa ulikuwa mpira mzuri, na straiki tatu ni kutoka. Wa tatu ulianguka mbele ya magoti yake, naye akazunguka nusu duara nzima mpaka kofia ikadondoka. Benchi letu likapiga kelele: "Kenya! Kenya!" Wakenya wawili tulikuwa tunatazamana, mmoja tu ndiye aliyekuwa anaitwa.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, ndiyo. Lakini niliona shingo yake ilivyotota jasho alipoinama kuokota kofia, na nikakasirika upya kwamba amenifikisha mahali pa kumfanyia hivi.

Zamu ya tano Lambert alinipiga. Watu wawili walikuwa kwenye vituo. Wengine wote walikuwa wanaukimbilia mpira wangu. Yeye aliungoja, akaungoja, mpaka ukaamua, kisha akaugonga ukapita juu ya kichwa cha mlinzi wa kushoto. Wote wawili wakaingia. Nne kwa mbili. Akiwa amesimama kituo cha pili, anahema, aligusa kofia yake kidogo kunielekea. Nami nikagusa yangu. Hilo sikulionea uchungu hata chembe.

Zamu ya sita ukucha wa kidole changu cha shahada ukapasuka mpaka kwenye nyama. Sikumwambia mtu. Zamu hiyo wakapata alama nyingine. Nne kwa tatu.

Ya saba ndiyo ya mwisho. Nilimtoa wa kwanza. Gaël akapita kwa mipira minne ya nje, kisha akaiba kituo cha pili. Aliyefuata nikamtoa, mpira wa juu. Watu wawili wametoka, amebaki mmoja, Gaël yuko tayari kukimbia, na anayekuja ni Eugene. Nyuma yake, akiwa amepiga goti na gongo begani, Lambert anangoja. Nikimkosa Eugene, nitakutana na mtu pekee uwanjani anayeusoma mpira wangu.

Bra Kagiso akanijia. Aliona damu kwenye mpira. "Kidole?"

"Ukucha."

"Nikutoe?"

"Usithubutu," nikasema kwa Kiswahili. Sijui alielewa nini, ila alirudi.

Straiki mbili. Mipira ya nje mitatu. Kila mpira sasa ulikuwa unawaka kidoleni. Eugene alikuwa amejifunza, aliacha kukimbilia. Alikuwa ameinama kidogo, anaungoja uanguke, vilevile kama Lambert. Ameniangalia mchana kutwa na ameelewa. Naye ni mtu mwerevu, sikuolewa na mjinga.

Nikaushika mpira kwa vidole vyote, kama mtoto anavyoshika chungwa, nikamrushia ulionyooka. Wa polepole, wa kawaida kabisa, katikati ya bamba la mpigaji. Yeyote pale angeupeleka barabarani.

Alipiga chini yake. Alipiga pale ambapo ungekuwa kama ungeanguka, na haukuanguka.

Wenzangu walinifunika. Sikumbuki vizuri, nakumbuka harufu ya vumbi na mtu ananiambia nitoe kidole kisiumie. Walipopungua, Cyrus alikuwa amesimama hapo, kifaa chake cha kasi kinaning'inia shingoni.

"Dada Mwende, dirisha la uhamisho linafunguliwa Januari. Nadhani kulikuwa na kutoelewana."

"Kulikuwa na uongo," nikamwambia. "Na karatasi ya ligi bado iko mfukoni mwako."

Lambert na Jeanne walikuja kunipa mkono. Chris alitaka kuona ukucha.

Tulirudi na gari lilelile. Eugene aliendesha mpaka kwenye taa za pili za barabarani, robot kama wanavyoziita huku. Taa ikawa nyekundu.

"Ile habari ya uso wako," akasema. "Ya mita kumi na nane. Haikuwa hiyo. Wala haikuwa kurusha." Alikuwa anatazama taa. "Niliogopa ukishindwa watanicheka mimi. Halafu nikaogopa ukiweza."

Taa ikawa kijani. Aliyekuwa nyuma akapiga honi, na Eugene hakuondoka.

"Sijakusamehe," nikamwambia. "Nakuambia ili usidhani kwamba nikinyamaza nimesamehe. Huenda nikasamehe. Leo bado."

"Sawa."

"Endesha, watu wanangoja."

Akaendesha. Karibu na nyumbani akauliza kama kesho nina mazoezi. Nikasema ndiyo, saa nane, na gari nitalichukua mimi. Kisha akauliza kama anaweza kuja kutazama.

Nikafikiri. Nikamwambia anaweza kuja, uwanja ni wa watu wote, ila asikae karibu na benchi letu. Yeye ni mpinzani.